Skrini Iwe ya Mwisho: Kuboresha Vifaa vya Uongozaji kwenye Boti ya Zamani

Ukiwasha plota ya zamani (skrini ya GPS na ramani ya boti) mwezi Juni 2025 ukakuta imeandika Oktoba 2005, usiipige kofi. GPS huhesabu wiki kuanzia 0 hadi 1023, kisha hurudi sifuri. Hesabu ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikutayarishwa kwa siku hiyo hujiona kiko wiki 1024 nyuma, yaani miaka 19 na miezi saba na ushee. Kwa kawaida latitudo na longitudo hubaki sahihi. Kinachovurugika ni saa ya machweo, rekodi za safari, na kwa vifaa vingine muda wa kuzipata setilaiti baada ya kuwashwa, kwa sababu kalenda ya setilaiti haiafikiani na tarehe ambayo kifaa kinaiamini.

Tarehe hiyo, au skrini iliyofifia, ndiyo humpeleka mwenye boti dukani. Anarudi na skrini ya inchi tisa, fundi anaifunga palepale ilipokuwa ya zamani kwa nyaya zilezile mbili, na kabla ya wiki kwisha inazimika kila injini inapowashwa. Kipima kina hakisomi mwendo ukizidi noti 15, na ramani ya visiwa vya Ssese ni bluu tupu. Skrini hubeba lawama zote hizo bila kosa. Kwenye boti ya zamani skrini ndiyo kazi nyepesi, na inafaa inunuliwe mwisho, baada ya kujulikana boti ina umeme wa aina gani, vifaa vinavyobaki vinazungumza lugha gani, na ramani ipi ina kitu ndani yake.

Waya kwanza

Chukua boti ya faiba ya mita saba au nane, ya miaka ya tisini, yenye injini mbili za nje, inayokwenda kati ya Entebbe na Kalangala. Fungua paneli ya usukani. Utakuta nyaya za rangi moja zilizoongezwa na kila fundi aliyepita, viungo vilivyosokotwa kwa mkono, na tepu nyeusi ambayo gundi yake imeshayeyuka ikanasa vumbi. Kata ncha ya waya mmoja, umenye sentimita mbili. Shaba nzima hung'aa kama sarafu mpya. Ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, kata tena nyuma kidogo, umenye tena. Maji hupanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, kwa hiyo uozo unaweza kuwa umefika mbali kuliko unavyodhani. Ukikata sentimita ishirini na bado ni nyeusi, waya wote ung'olewe. Ziwa letu, Victoria, halina chumvi, na boti ya hapa huoza waya polepole kuliko ya Mombasa. Hata hivyo umande wa usiku na maji yanayokaa chini ya sakafu hutosha kuimaliza kazi hiyo kwa miaka michache.

Kisha upimaji. Weka multimita kwenye betri uandike volti. Washa plota, pandisha mwanga wa skrini hadi mwisho, upime tena kwenye plagi ya plota yenyewe. Kwa vifaa vya uongozaji, kiwango kinachokubalika ni kupoteza si zaidi ya asilimia 3, ambayo kwa mfumo wa volti 12 ni volti 0.36. Tofauti ikizidi hapo, waya ni mwembamba, umeoza, au kuna kiungo kibovu njiani.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Tuseme plota inavuta ampea 3 na betri iko tezini (nyuma ya boti), mita 6 kutoka kwenye usukani. Umeme huenda na kurudi, hivyo waya wa kuhesabu ni mita 12. Kwa waya wa milimita 0.75 za mraba, ule mwembamba unaouzwa kwa ajili ya taa ndogo, utapoteza karibu volti 0.9. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba utapoteza karibu 0.3, na hiyo inapita. Redio ya VHF ni mlaji zaidi: ikirusha kwa wati 25 huvuta ampea 5 hadi 6, na kwa umbali uleule waya wa 2.5 hupoteza zaidi ya nusu volti. Hapo weka wa milimita 4. Ndiyo maana redio nyingi husikia vizuri lakini zikibonyezwa kuongea sauti inakatika: kupokea hakuhitaji umeme mwingi, kurusha kunahitaji.

Waya wa nyumba, ule wa shaba ngumu moja, usiwekwe kwenye boti hata kama ni mnene. Mtikisiko wa injini huuvunja pale unapoingia kwenye terminali. Waya wa gari wa nyuzi nyingi kutoka soko la Kisekka unaweza kutumika ikiwa kila ncha imezibwa vizuri, ila ulio bora ni wa nyuzi nyembamba zilizopakwa bati. Terminali zibanwe kwa koleo lake, si kwa pulaizi, kisha zivishwe mpira ule unaosinyaa kwa joto na wenye gundi ndani. Ukiupasha kwa usahihi, gundi huchungulia kidogo pande zote mbili, na hapo unajua maji hayaingii.

Kila kifaa kiwe na fyuzi yake, ya ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji, na waya mkuu unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye terminali ya betri. Fyuzi iliyofungwa kwenye usukani, mita sita mbele, inakilinda kifaa lakini hailindi boti: waya ukichubuka katikati na kugusa hasi, hakuna cha kuukata, na moto huanzia hapo.

Sasa lile la kuzimika. Stata ya injini ikizunguka, volti za betri zinaweza kushuka hadi 10 au chini yake kwa sekunde moja au mbili. Plota za kisasa ni kompyuta. Hazivumilii hilo kama sindano za geji za zamani zilivyovumilia. Dawa yake ni betri ya pili kwa vifaa peke yake, ikichajiwa kupitia rilei inayosoma volti: huunganisha betri mbili pale chaji inapofika karibu volti 13.3, na kuzitenga zikishuka karibu 12.8. Lakini kabla ya kununua rilei hakikisha injini inachaji kweli. Injini nyingi za mizunguko miwili za nguvu farasi 40, zile zilizojaa kwenye mialo ya Ggaba na Kasenyi, zina koili ya taa tu au hazina kabisa. Umeme wa koili hiyo ni wa kugeukageuka na hauna kizuizi. Ukiunganishwa kwenye betri bila rektifaya yenye regyuleta, plota itaungua. Pima volti za betri injini ikiwa kwenye mwendo wa kasi. Ukiona zinapita 14.8, acha kila kitu kingine hadi regyuleta ipatikane.

Lugha mbili kwenye boti moja

Vifaa vya zamani huzungumza NMEA 0183, vipya huzungumza NMEA 2000, na majina hayo yanayofanana ndiyo yanayowachanganya watu. Hazielewani hata kidogo.

NMEA 0183 ni kama mzee mmoja anayesema barazani na wengine wakisikiliza. Waya mmoja una msemaji mmoja. Wasikilizaji wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Ukiunganisha wasemaji wawili kwenye waya mmoja, hakuna kitakachosikika. Kasi yake ya kawaida ni biti 4800 kwa sekunde, sawa na herufi 480 kwa sekunde, na kwa kuwa sentensi moja inaweza kufika herufi 82, hupiti sentensi sita hivi kwa sekunde. AIS, mfumo wa meli kutangaziana mahali zilipo, huhitaji 38400. Upande mmoja ukiwekwa 4800 na mwingine 38400, skrini itaonyesha hakuna data, na fundi atatafuta waya uliokatika siku nzima ilhali tatizo liko kwenye menyu.

Uzuri wake ni kwamba maneno yake yanasomeka. Ukichomeka kompyuta kwenye waya wa GPS ya zamani, boti ikiwa karibu na mji wa Kalangala, utaona mstari unaoanza hivi:

$GPRMC,063012,A,0018.500,S,03213.500,E,12.4,214.0

Saa 06:30:12 ni ya UTC, kwetu ni saa tatu na nusu asubuhi. Herufi A maana yake mahali pamepatikana. Ingekuwa V, namba zote zinazofuata ni za kupuuzwa, hata kama zinaonekana nzuri. Kisha nyuzi 0 na dakika 18.5 kusini, nyuzi 32 na dakika 13.5 mashariki, kasi noti 12.4, mwelekeo nyuzi 214. Mstari huu ukionekana, GPS ni nzima na waya ni mzima. Kilichobaki ni mpangilio.

NMEA 2000 ni tofauti kabisa. Kebo moja hupita katikati ya boti kama uti wa mgongo, na kila kifaa hujichomeka kwenye uti huo kupitia kiungo cha umbo la T. Wote husema na wote husikia, kwa kilobiti 250 kwa sekunde. Masharti yake ni machache ila hayana huruma. Ncha zote mbili za uti ziwe na kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Tawi kutoka kwenye T hadi kwenye kifaa lisizidi mita 6. Umeme uingie sehemu moja tu, kupitia fyuzi, na utoke kwenye betri ya vifaa, si ya kuwashia injini.

Upimaji wa mtandao huu ni wa dakika moja. Zima umeme wake, weka multimita kwenye omu, upime kati ya waya mweupe na wa bluu. Ukipata karibu 60, vizibo viwili vipo. Ukipata 120, kimoja kimekosekana au kimelegea. Ukipata 40, mtu ameongeza cha tatu. Kosa linaloonekana zaidi ni la fundi kuunganisha vifaa mkia kwa kichwa kama mabehewa, kwa kuwa plagi zinaingiliana na inaonekana kuokoa kebo. Mtandao wa namna hiyo hufanya kazi bandarini, kisha unaanza kupoteza vifaa kimoja kimoja safarini.

Je, vya zamani vitupwe? Si lazima. Rubani wa kujiendesha wa miaka ya tisini ambaye bado anashika mwelekeo ni mali, na kumbadilisha ni gharama kubwa kuliko plota yenyewe. Wekeni katikati kifaa cha ukalimani kinachosoma NMEA 2000 na kutoa 0183, kisha rubani apate sentensi za APB au RMB anazozijua. Baadhi ya plota mpya bado zina bandari moja ya 0183, na hapo hata mkalimani hahitajiki. Angalia tu jambo moja: vifaa vya zamani vya Raymarine vyenye kebo ya nyaya tatu, nyekundu na njano na kinga, vinatumia SeaTalk, lugha ya nyumbani kwao. Hiyo si 0183, na inataka mkalimani wake. SimNet na SeaTalk NG, kwa upande mwingine, ni NMEA 2000 iliyovaa plagi tofauti. Kebo ya kugeuza plagi inatosha.

Kichwa kinachokaa majini

Transdyusa, kile kichwa kinachotuma mlio chini na kusikiliza mwangwi, ndicho kinachoamua ubora wa kipima kina. Skrini inachora tu kilicholetwa.

Kwanza boti imetengenezwa kwa nini? Faiba nene isiyo na ubao wala povu katikati inaruhusu transdyusa igundishwe ndani ya boti na kupiga mlio kupitia faiba, bila tundu. Ijaribu kabla ya kugundisha: mimina maji kwenye mfuko wa plastiki, utie transdyusa ndani, uukandamize sakafuni mahali unapopakusudia, na ulinganishe kina na kamba yenye jiwe. Ikitofautiana au ikipotea, hapo kuna povu au hewa. Kwa mbao njia hiyo haifai kabisa. Mbao humeza mlio. Boti ya mbao ikitobolewa, transdyusa iwe ya shaba nyeusi, si ya plastiki, kwa sababu mbao zikilowa huvimba na kuipasua plastiki. Boti ya aluminiamu ni kinyume chake: shaba ikikutana na aluminiamu majini, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Huko weka plastiki au chuma kisichoshika kutu kilichotengwa.

Kwa boti nyingi za hapa, njia rahisi ni kufunga kwenye ukuta wa tezi. Propela inayozunguka kama saa ukiitazama kutoka nyuma hushusha mabapa yake upande wa kulia na kuyapandisha upande wa kushoto, na mapovu hupanda nayo. Kwa hiyo transdyusa ikae kulia, walau sentimita 40 kutoka kwenye propela. Injini zikiwa mbili, ikae katikati yao kama nafasi inaruhusu. Chini ya boti kuna mistari iliyoinuka inayokwenda kutoka omo hadi tezi. Usifunge nyuma ya mstari wowote kati ya hiyo. Mstari hukokota mkondo wa mapovu, na transdyusa iliyo nyuma yake husikia kelele tupu mwendo ukipanda. Hilo ndilo fumbo la kina kinachopotea kwenye noti 15. Sehemu ya chini ya transdyusa ishuke milimita chache chini ya sakafu ya boti, ikae sawa au iinamishe nyuma kidogo mno.

Kebo ya transdyusa isikatwe ili kufupishwa. Ndani yake kuna kinga inayozuia kelele za injini, na kiungo cha kienyeji huiharibu. Izungushe umbo la namba nane uifunge mbali na nyaya za injini.

Baada ya hapo kuna menyu tatu ambazo husahauliwa. Vipimo: hakikisha ni mita, kwani kifaa kilichotoka Marekani huja kwa futi, na 9 ya futi si 9 ya mita. Aina ya maji: weka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mlio husafiri karibu mita 1,497 kwa sekunde kwenye maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 na karibu 1,534 baharini, hivyo kifaa kilichoachwa kwenye chumvi hukudanganya kuwa kuna kina zaidi ya kilichopo, karibu nusu mita kwenye mita 20. Kwenye mita tatu ni sentimita chache tu, hakuna wa kukwama kwa ajili yake. Ya tatu ndiyo nzito: kianzio cha kipimo. Tuseme transdyusa iko sentimita 30 chini ya uso wa maji na pezi la chini la injini liko sentimita 70. Ukitaka kujua maji yaliyobaki chini ya pezi, weka kutoa 0.4. Ukitaka kina kuanzia juu ya maji, weka kujumlisha 0.3. Chagua moja, uiandike kwa kalamu isiyofutika pembeni mwa skrini. Boti inayoendeshwa na manahodha wawili, kila mmoja akiwa na dhana yake ya namba hiyo, itagonga mwamba siku moja.

Ramani iliyo ndani, na isiyokuwepo

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya bahari ya Ulaya au Marekani hutuacha. Kule mtu hununua kadi na kupata kila mwamba. Kwa Ziwa Victoria, kabla ya kulipia kadi yoyote, fungua kitazamio cha ramani kwenye tovuti ya mtengenezaji, uvute hadi kati ya visiwa vya Bugala na Koome na pwani ya Entebbe. Ukiona mistari ya kina na namba, linganisha na sehemu unazozijua. Ukiona bluu tupu, bluu hiyo haimaanishi kina kirefu. Inamaanisha hakuna aliyepima, au vipimo havikuingizwa.

Hata namba zilizopo zina umri wake. Ziwa lilishuka sana mwaka 2006, na Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavuka rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Miamba iliyokuwa ikionekana kwa macho 2006 iko chini ya maji, na pamoja nayo nguzo za gati za zamani, visiki na misingi ya nyumba za mwambao zilizomezwa. Hakuna kadi inayokuonyesha nguzo ya gati iliyozama Kigungu.

Ramani za karatasi za zamani za Afrika Mashariki zina mtego mwingine. Zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Ukinakili alama kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kwenye plota, itakaa karibu mita 300 mbali na ilipo kweli. Kwa kuvuka ziwa hilo si kitu. Kwa kuingia kwenye mlango wa ghuba usiku ni tofauti ya maji na mwamba. Plota nyingi zina menyu ya kuchagua Arc 1960. Itumie wakati wa kuingiza alama hizo, kisha urudishe WGS84.

Na kuna mtego ambao ni wetu hasa, kwa kuwa ikweta inakatiza safari yenyewe. Entebbe iko kaskazini ya ikweta, Kalangala iko kusini. Ukiandika nyuzi 0 dakika 18.5 na kusahau kubadilisha N kuwa S, alama yako inaruka kilomita 68 na kutua nchi kavu, magharibi ya Kampala. Hilo angalau utaligundua. La kufichika zaidi ni muundo wa namba. Simu hukupa Kalangala kama 0.309, plota inataka nyuzi na dakika. Anayeandika 0°30.9' badala ya 0°18.5' amekosea kwa karibu kilomita 23, na boti itaongozwa vizuri kabisa kwenda mahali pasipo pake. Alama za plota ya zamani, kama haiwezi kuzitoa kwenye kadi kwa faili la GPX, ziandikwe daftarini moja moja, muundo wa namba ukiwa juu ya kila ukurasa.

Dawa ya bluu tupu ni kujichorea. Plota za Garmin, Lowrance, Humminbird na Raymarine zina uwezo wa kuchora mistari ya kina kadiri boti inavyopita, na kwa mwenye boti wa Uganda hiki ni kigezo kizito kuliko ukubwa wa skrini. Kwa kazi hii kianzio cha kipimo kiwe juu ya maji. Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, mwendo wa kilomita 8 hadi 10 kwa saa, upite ghuba kwa mistari sambamba inayoachana mita 50, ukiikaza hadi 20 karibu na mlango na gati. Andika tarehe na kimo cha maji kwenye nguzo moja usiyoibadilisha. Matope laini ya ghuba nyingi hupitisha mlio wa kilohezi 50 na kukuonyesha chini mbili, tumia 200. Ukipita juu ya magugu maji futa kipande hicho, kwa sababu transdyusa ilipima mizizi.

Redio, AIS na rada

VHF ya kudumu ina faida moja simu haina: kila aliye karibu anakusikia kwa mara moja. Masafa yake huamuliwa na urefu wa antena. Antena mbili za mita 3 juu ya maji huonana kwa kilomita 14 hivi. Moja ikiwa kwenye mnara wa mita 50 ufukweni, zaidi ya 30. Kwa hiyo mita moja ya ziada ya mlingoti hushinda wati za ziada. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 10 hula zaidi ya theluthi ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. RG-213, iliyo nene, hula karibu nusu tu ya hapo. Leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na namba ya MMSI, yaani utambulisho wa redio wa boti, yenye tarakimu tisa, kwa boti ya Uganda huanza na 675. Iingize kwa uangalifu: redio nyingi hukubali kuandikwa mara moja au mbili tu, kisha hujifunga. Usajili wa chombo chenyewe uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

AIS ni kwa ajili ya meli. Mei 2005 meli mbili za Uganda, Kabalega na Kaawa, ziligongana ziwani na Kabalega ikazama; kwa hatari ya namna hiyo AIS ina maana. Lakini mtumbwi wa mvuvi wa dagaa hauna AIS, na nyavu zake hazina. Skrini safi isiyo na alama usiku isikufanye ukaze mwendo. Rada mpya zisizo na magnetroni (bomba la zamani la kuzalisha mawimbi) huona karibu zaidi na hula umeme kidogo kuliko za zamani, ila mtumbwi wa mbao ulio chini majini hurudisha mwangwi hafifu hata kwake. Pesa zikiwa chache, taa nzuri ya kumulika mbele inakuja kabla ya rada.

Kabla ya kufunga skrubu

Skrini yenyewe: tafuta mwangaza wa niti 1,000 au zaidi, kwa kuwa jua la hapa hupiga kutoka juu, na itazame ukiwa umevaa miwani ya jua kabla ya kulipa, baadhi huwa nyeusi. Tundu la plota ya zamani mara nyingi ni kubwa. Lifunike kwa bamba la milimita 6, ukate jipya humo. Acha nafasi ya hewa nyuma. Kama paa ni la bati au aluminiamu, GPS ya ndani ya skrini haitaona anga vizuri, kwa hiyo weka ya nje. Chagua inayosoma mifumo zaidi ya mmoja wa setilaiti: karibu na ikweta, saa chache baada ya machweo, hasa Machi na Septemba, anga la juu huweza kuyumbisha mawimbi ya GPS, na setilaiti nyingi hupunguza athari.

Kihisi mwelekeo kikae walau mita moja kutoka kwa spika, injini na nyaya nene, na kirekebishwe kwa kuzungusha boti polepole kwenye maji tulivu, mizunguko miwili au kama kitabu chake kinavyosema.

Kisha, paneli zikiwa bado wazi, washa kila kitu kwa pamoja, pampu ya maji na taa zikiwemo. Piga stata mara tatu huku mtu akiangalia volti kwenye skrini. Nenda mwendo wa juu uangalie kama kina kinabaki. Mwisho shika redio, weka wati 25, ubonyeze kurusha kwa sekunde tano kwenye chaneli ya kazi isiyo na mtu, wala usitumie 16 ambayo ni ya dharura, huku macho yakiwa kwenye mwelekeo na kina. Mwelekeo ukiruka kwa zaidi ya nyuzi mbili au kina kikibadilika ghafla, kebo ya antena inapita karibu mno na kihisi au transdyusa. Isogeze, ubonyeze tena. Namba zikitulia, bandika jina kwenye kila waya, piga picha nyuma ya paneli, ndipo uifunge.